Upande wa Nyuma wa Kitabu cha Sayo

Tokyo, 12 Januari 1973

Kaka Yasuhei,

Kwanza salamu. Mimi niko sawa ila miguu, na Mzee Obata, bosi wangu wa karakana ya kukarabati vitabu vya kale, anakushukuru kwa matufaha. Anakula moja kila asubuhi kabla hajagusa gundi, kisha anasema yale ya sokoni huku Tokyo ni maji yaliyovalishwa ganda. Baridi ya hapa ni kavu na midomo inapasuka, lakini ninyi mlio na theluji hadi dirishani mtanicheka nikilalamika, kwa hiyo nanyamaza.

Natumaini watoto wako wamekufikia salama na jirani yenu Bi Narita. Treni ilipoondoka Ueno, Teppei alikuwa ameshaanza kumlia Bi Narita machungwa yake, na Kozue amekaa dirishani kama mtu mzima. Mume wa Bi Narita bado yuko huku Tokyo, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, amekonda, lakini anasema atarudi kijijini maua ya matufaha yakichanua.

Sasa nikupe habari za matembezi mwenyewe, maana Teppei ana miaka sita na atakudanganya. Panda, wale dubu weusi kwa weupe waliotoka China, tuliwapangia foleni muda wa saa mbili na nusu, watoto wakirukaruka kupasha miguu moto. Tulipofika kwenye kioo, mlinzi akawa anasema tembeeni, tembeeni, msisimame, na panda mwenyewe amelala ametupa mgongo. Teppei akauliza kwa sauti ya kujaza jumba zima, "Shangazi, tumekuja kuona matako?" Foleni nzima ilicheka. Mlinzi naye alicheka, na tukapewa nafasi ya kusimama kidogo.

Kwenye makumbusho ya sayansi, Teppei alikataa kupita chini ya mifupa ya dinosaria, halafu akakataa kutoka. Kozue yeye alisimama muda mrefu mbele ya yule mbwa aliyekuwa akimngoja stesheni bwana wake aliyekwisha kufa. Wamemkausha, wamemweka kwenye kioo. Akaniuliza alingoja miaka mingapi. Nikamwambia karibu kumi. Akaitikia tu kwa kichwa.

Kwenye Mnara wa Tokyo tulipanda lifti hadi juu, na Kozue alitaka kujua Mlima Iwaki wa huko kwenu uko upande gani. Nilimwonyesha kaskazini, nikamwambia hauonekani, ni mbali mno. Alitazama hivyo hivyo.

Kila mahali kuna meza ya mhuri wa ukumbusho, unajua watoto walivyo na hiyo mihuri siku hizi, na Kozue hakuiacha hata moja. Vitu vyao vyote nimevirudisha, isipokuwa glavu moja ya Teppei iliyobaki kwa panda.

Mdogo wako,
Ritsuko


Tokyo, 13 Januari 1973
(Hii haikupelekwa posta. Ilikaa kwenye droo ya Ritsuko.)

Kaka,

Jana nimekudanganya. Si glavu peke yake iliyobaki. Kitabu cha hija cha marehemu wifi yangu Sayo kiko hapa, mbele yangu, juu ya meza ya kazi.

Siku ya nne tulikuwa makumbusho ya vitu vya kale. Nilikuwa nimeinama namfunga Teppei kiatu. Nilipoinua macho nikamwona Kozue mezani pa mihuri anafungua daftari lake, na daftari likafunguka kwa mikunjo, refu, na ndani yake nikaona maandishi meusi ya watawa na mihuri myekundu ya mahekalu. Nilimnyang'anya mbele za watu.

Nadhani alikosea. Kile cha Sayo kina jalada la kitambaa cha bluu, na daftari la mihuri la Kozue lina jalada la kitambaa cha bluu. Nilimgombeza sana, Kaka. Alisema neno moja tu, kwamba ni upande wa nyuma, hakugusa upande wa mama. Nami nikamwambia asikuambie chochote mpaka nitengeneze. Ndiyo, mimi ndiye niliyemfunga mdomo mtoto.

Ni kweli, mbele hakuna doa. Mahekalu thelathini na mawili ya Kannon, mwenye huruma, na ukurasa wa thelathini na tatu mweupe unaongoja. Lakini nyuma yake kuna mihuri tisa: dinosaria, panda, Mnara, stesheni ya Ueno, na mingine. Mzee Obata aliwahi kuona mtawa akimrudishia mtu kitabu chake kwa vidole viwili bila kukiandika, kwa sababu ya mhuri mmoja tu wa kitalii. Mtawa yule akasema, "Hiki ni cha kwenda nacho mbele ya Kannon, si cha kuchezea."

Na mama mkwe wako, Bibi Kikuno, ndiye aliyekitoa kwenye jeneza kwa mikono yake mwenyewe. Namsikia hadi leo akisema mwanangu hatakwenda na kazi ambayo haijakwisha. Ukaahidi mbele ya wote kwamba theluji ya mwaka huu ikiyeyuka utapeleka kitabu hekalu la mwisho, halafu siku ya mwaka mmoja kichomwe ili kimfikie. Sasa Sayo atakosa kitabu chake kwa sababu mimi nilikuwa nafunga kamba za kiatu.

Siwezi kukuandikia hivi. Umezika mke Aprili iliyopita tu.


Kijijini, 25 Januari 1973

Ritsuko,

Barua yako imefika. Watoto pia, zamani. Ahsante. Bi Narita anasema hajawahi kuona machungwa yakiliwa kiasi kile.

Theluji ni nyingi mwaka huu. Nimepanda juu ya paa mara nne kuisukuma. Naanza kupogoa mitufaha wiki hii, nikitembea juu ya theluji iliyoganda, hivyo matawi ya juu nayafikia bila ngazi. Hilo ndilo jema lake.

Teppei amewaambia watoto wote wa kijiji habari za matako ya panda. Mwalimu wake wa chekechea amekuja kunilalamikia, lakini alikuwa anacheka. Kozue ni kimya. Anarudi kutoka shule, anakaa kwenye meza yenye moto chini yake, chakula hali vizuri. Nimemuuliza kama Tokyo haikumfurahisha, akasema ilimfurahisha. Nadhani bado ni mama yake. Mimi si hodari wa kuongea na mtoto wa kike wa miaka kumi, Sayo ndiye aliyekuwa akijua.

Bibi Kikuno alikuja juzi kwa miguu, na umri wake ule, kuuliza habari za kitabu cha Sayo. Anataka nikipeleke hekaluni mara njia ikifunguka. Nimemwambia kiko salama. Nimemwambia nimekifunga kwa kitambaa na kukiweka ndani. Kiko salama.

Jambo dogo. Ulipokuja Mwaka Mpya, uliifuta rafu ya madhabahu ya nyumbani. Unakumbuka ni vitu gani vilikuwa pale? Nauliza tu.

Yasuhei


Tokyo, 5 Februari 1973

Kaka Yasuhei,

Salamu kwako, kwa Kozue na kwa Teppei. Hapa mvua haijanyesha tangu mwaka uanze na Mzee Obata amepata kikohozi. Basi. Siwezi kuendelea na salamu.

Umeniuliza habari za rafu, kwa hiyo najua umeshajua, na unanipa nafasi niseme mwenyewe. Ahsante kwa hilo. Kitabu cha Sayo ninacho mimi. Kozue alikichukua akidhani ni daftari lake, akakigonga mihuri ya Tokyo upande wa nyuma, mihuri tisa. Mimi ndiye niliyekificha, na mimi ndiye niliyemwambia Kozue anyamaze. Kama hali chakula, ni kwa sababu yangu. Mpe chakula, mwambie Shangazi amesema yote.

Nimeangalia dawa yake. Karatasi ya vile vitabu ni mbili zilizogundishwa pamoja, na kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili ni kutenganisha karatasi na kuibandika upya. Nimejaribu kona moja, ile ya panda, inaachana vizuri. Naweza kuuchuna upande wote wa nyuma, niuwekee karatasi mpya, na hata mtawa mwenye macho makali hataona. Mihuri ya Kozue nitaitupa kama ukitaka.

Ila kazi hii inataka hewa kavu, na hewa kavu inakwisha. Mzee Obata amenipa meza kubwa kuanzia Jumatatu tarehe kumi na tisa, asubuhi. Nisiposikia neno kwako kabla ya hapo, nitajua umekubali, na nitaanza. Kitabu kitakurudia safi, na Bibi Kikuno hana haja ya kujua.

Unaweza kunitukana kwenye barua. Afadhali hivyo kuliko ukimya.

Ritsuko


TELEGRAMU, 19 Februari 1973, saa mbili na dakika kumi asubuhi

WEKA KISU CHINI. USIGUSE KITABU. BARUA INAFUATA. YASUHEI


Kijijini, 19 Februari 1973

Ritsuko mdogo wangu,

Barua yako ilikwama njiani siku kumi na mbili. Reli ilifungwa na theluji. Imenifikia jana Jumapili jioni, na leo alfajiri nimetembea hadi posta ya mjini na viatu vya theluji, nikakaa mlangoni mpaka wafungue. Karani alinitazama nilivyoandika maneno ya kisu akauliza kama kuna mtu amejeruhiwa. Nikamwambia bado.

Nilikuwa sijui kitu. Swali la rafu halikuwa mtego. Nilikuuliza kwa sababu nilidhani nimekichoma.

Sikiliza. Tarehe kumi na tano Januari tulichoma mapambo ya Mwaka Mpya kwenye uwanja wa madhabahu ya kijiji, kama kila mwaka. Mimi nilikuwa na haraka. Nilifagia rafu yote ndani ya sanduku, hirizi za mwaka jana, kamba za majani, karatasi, kila kitu, nikamwaga motoni bila kutazama. Siku mbili baadaye nikaenda kukitafuta kitabu cha Sayo. Rafu ilikuwa tupu.

Nimepindua nyumba hii, Ritsuko. Nimetoa mikeka yote. Nimekwenda kwenye majivu, nikachimba theluji kwa mikono na kupata kipande cha kitambaa cha bluu kilichoungua, nikakileta nyumbani kwenye leso. Sijui ni cha nini. Mwezi mzima nimeamini ni cha kile kitabu. Nilimwona Sayo amesimama mahali fulani mikono mitupu, kwa sababu ya uvivu wangu. Bibi Kikuno akiniuliza nasema kiko salama, na nikitoka nje napogoa matawi yasiyotakiwa kupogolewa. Miti sita nimeiharibu.

Halafu barua yako inakuja na unaniomba msamaha kwa sababu kitabu kina dinosaria.

Nilicheka, Ritsuko. Nilikaa pale ukumbini na koti nikacheka mpaka Teppei akaja kutazama. Kisha nikalia, wala sioni haya kukuandikia. Kiwe na dinosaria. Kiwe na panda na matako yake. Kiko duniani.

Nilimwita Kozue nikamwambia Shangazi ameandika. Nikamwambia sikukasirika. Akaniuliza kama mihuri yake imetupwa. Nilipomwambia bado ipo, alikwenda jikoni akajipakulia wali mwenyewe. Sikumuuliza zaidi. Niliogopa kuharibu.

Usichune kitu. Nitajua la kumwambia mtawa. Na Bibi Kikuno, tutaona.

Yasuhei


Tokyo, 26 Februari 1973

Kaka Yasuhei,

Telegramu ilifika maji yakiwa tayari yamepashwa moto na kitabu kimelazwa mezani. Mzee Obata ndiye aliyeisoma, kwa sauti, na wanafunzi wake wote wakanitazama mkononi. Niliweka kisu chini kweli. Nikakaa sakafuni palepale, na mzee akaniletea tufaha lako.

Kitabu nimekituma leo kwa posta ya rejesta, ndani ya sanduku la mbao. Ile kona ya panda nimeigundisha. Ukitazama sana utaona mstari mwembamba, na huo ni wangu, si wa Kozue.

Mwambie Kozue nilikosea kumnyang'anya mbele za watu. Mwambie kwa maneno hayo hayo. Na wewe acha ile miti, tafadhali.

Ritsuko


Kijijini, 16 Aprili 1973

Ritsuko,

Huku theluji imebaki kwenye kivuli tu. Teppei ameingia darasa la kwanza, mkoba unamzidi mgongo. Miti minne kati ya sita itapona. Mume wa Bi Narita amerudi kabla ya maua, na tumbo limeanza kurudi pia.

Yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Nikuambie yote, maana ulistahili kuwepo.

Tarehe kumi na tatu tulikwenda hekalu la mwisho, mimi, watoto na Bibi Kikuno. Bibi alikuwa hajui kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ujanja: nilikifunga kitabu chote kwa kitambaa na kuacha wazi ukurasa mmoja tu, wa thelathini na tatu, niwe nakishika mwenyewe mtawa akiandika. Nilifanya mazoezi nyumbani. Mtawa ni mzee mnene, siku ile alikuwa na mafua. Akanyoosha mkono, akakichukua, akakikung'uta kama wanavyofanya, na kitambaa kikaanguka. Kitabu kikafunguka hadi sakafuni. Panda juu.

Alitazama muda mrefu. Akauliza, "Hiki ni nini?"

Nilifungua mdomo niseme uongo wangu. Kozue akanipita, akasimama mbele yake.

"Ni mimi niliyegonga," akasema. "Sikukosea. Daftari langu nililiacha nyumbani makusudi. Mama alituahidi kutupeleka Tokyo akaenda hospitali. Kwa hiyo nilimpeleka mimi. Upande wa mbele alitembea yeye, upande wa nyuma nimemtembeza mimi."

Unaona, Ritsuko. Wewe na mimi tulihangaika miezi mitatu na kosa ambalo halikuwa kosa. Tulikuwa watu wazima wawili, na hakuna aliyemuuliza mtoto kwa nini.

Mtawa akafuta pua. Mimi nilikuwa namwogopa Bibi Kikuno kuliko yeye. Bibi alichuchumaa, na goti lile bovu, akaanza kuupitia mhuri mmoja mmoja kwa kidole. Akafika kwa panda.

"Huyu ndiye yule mnyama?"

"Ndiye, Bibi," Teppei akasema.

"Mbona ana uso? Wewe uliniambia ana matako tu." Kisha akainua kichwa kwa mtawa. "Mwanangu alipanda mahekalu thelathini na mawili kwa miguu yake. Tisa kati ya hayo alikuwa na huyu mdogo tumboni. Tafadhali andika."

"Mama, mbona sijakataa," mtawa akasema. "Natafuta miwani."

Aliandika taratibu, herufi kubwa, nzuri kuliko zote za kitabu kile. Alipomaliza akakigeuza mwenyewe, akaona nyuma ya ukurasa wa thelathini na tatu hakuna kitu. Akamuuliza Kozue mbona pale ameacha. Kozue akasema ukurasa ule ulikuwa haujawa wa mama bado. Mtawa akamtazama Bibi Kikuno, na Bibi akafungua mkoba wake akatoa ule mhuri mdogo wa jina, wa mbao, anaougonga akiletewa mzigo na karani wa posta. Akaupulizia pumzi, akaugandamiza pale kwa nguvu za mikono yote miwili.

"Akiuona huu," akasema, "atajua umetoka nyumbani."

Siku ya pili yake tulikichoma baada ya ibada ya mwaka mmoja. Teppei alitaka kujua kama dinosaria akiungua mama atampata mzima, na mtawa akamwambia atampata mzima, na mifupa yote. Kozue ndiye aliyekiweka motoni. Nilidhani nitashindwa kutazama. Lakini kitabu kile nilikwisha kukichoma mara moja, Januari, peke yangu, na kikaniunguza kila siku kwa mwezi mzima. Mara hii ya pili hakikuniuma hata kidogo. Nilisimama pale nikahisi joto tu, kama watu wengine.

Kozue alikula bakuli tatu za wali. Anauliza kama Mwaka Mpya mwingine anaweza kuja kwako tena, na safari hii ataleta daftari lake mwenyewe. Ile leso yenye kitambaa cha bluu nimeifungua nikamwonyesha. Alicheka mpaka akashika tumbo. Ni jalada la kalenda ya chama cha wakulima.

Kaka yako,
Yasuhei